Kuvuka mto ni jambo moja, kwenda Kampala ni jingine

MUULIZE MWALIMU: safu ya maswali ya historia kutoka kwa wasomaji

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Mbeya. Shuleni tuna mdahalo, na mada ni hii: “Serikali ya Tanzania ilipigana na Uganda ili kumrudisha Obote madarakani, si kulinda mpaka.” Nimepangiwa upande wa kuunga mkono. Nilimwendea babu yangu, askari mstaafu aliyepigana vita hivyo, nikamwomba anisaidie hoja. Aliposikia mada alinyanyuka akaingia ndani, na leo ni siku ya tatu hanisemeshi. Je, nimemkosea? Na ukweli wenyewe ni upi?
Mwanafunzi, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na babu yako, maana mdahalo utakwisha Ijumaa na babu utabaki naye.

Kuuliza hukumkosea. Lakini fikiria alichosikia yeye. Wewe ulisema “serikali”, yeye akasikia majina ya vijana aliowafukia mwenyewe. Ulisema “Obote”, yule rais wa Uganda aliyepinduliwa na Idi Amin, akaona kwamba mjukuu wake anamwambia wenzake walikufa kwa ajili ya kiti cha mtu mmoja. Rudi kwake bila karatasi ya hoja. Usimuulize serikali ilipigana kwa nini, kwa sababu askari hakuwa kwenye kikao. Muulize alikuwa wapi siku alipoambiwa kwamba safari haijaisha. Swali hilo analo jibu lake, na ndilo litakalokusaidia hata kwenye mdahalo. Nitakueleza kwa nini.

Mwaka 1978 nilikuwa msichana wa miaka 14, Bukoba. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la kahawa, Bedford ya zamani, mali ya mfanyabiashara mmoja wa pale mjini. Serikali ilipoanza kukusanya magari ya watu binafsi kubebea askari na risasi, lori lile nalo lilichukuliwa, na dereva akaenda nalo. Alikuwa na daftari dogo la mistari ambalo alizoea kuandikia maili na mafuta ili tajiri wake asimshuku. Aliendelea kuliandika vitani, kwa kalamu ya risasi. Daftari hilo ninalo. Pembe zake zimelika, na ukurasa wa kwanza una alama ya kikombe cha chai.

Kati ya mistari ya mafuta kuna maneno machache. Mwezi Novemba, Kyaka, ameandika: “Daraja hakuna. Nimemuuliza afande mwisho wetu wapi. Kasema ng’ambo ya mto.” Januari: “Kasema Mutukula, pale kilimani, basi.” Februari: “Masaka, halafu nyumbani.” Machi, Lukaya, ameandika neno moja: “Sikuuliza.”

Kyaka iko kwetu, ukingoni mwa Mto Kagera; Mutukula iko mpakani; Masaka na Lukaya ziko ndani ya Uganda, njiani kwenda Kampala. Mwanangu, mistari hiyo minne ndiyo jibu langu kwa mada yenu. Anayeitafuta nia ya serikali mahali pamoja, kwenye siku moja, ataikosa, awe upande wa kuunga mkono au wa kupinga.

Sasa tuyapitie mambo yenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliingia eneo letu la kaskazini mwa Mto Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lile, kama kilomita za mraba 1,800, sasa ni la Uganda na mto ndio mpaka. Daraja la Kyaka walilivunja kwa baruti baada ya ndege zao kushindwa kulipiga. Waliua raia, wakabeba ng’ombe, wakapora kiwanda cha sukari. Mimi niliwaona watu waliofika Bukoba kwa miguu. Kulikuwa na mama mmoja aliyebeba mchi wa kutwangia. Hakubeba nguo wala chungu, mchi tu, na alipoulizwa alisema ndio uliokuwa mkononi. Kwa hiyo anayesema hakukuwa na uvamizi, au kwamba ulikuwa kisingizio, nyamaza naye tu.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Wote mmeisikia hotuba ile redioni kila mwaka: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Watu wanayakariri maneno yale matatu kama salamu, lakini mimi nimefundisha historia miaka 31 na bado nayaona kuwa ndiyo chombo bora cha kuupimia mjadala huu. Mwenyewe aliyatenganisha. Sababu iko nyuma yako, ni kile ulichotendewa. Nia iko mbele, ni kule unakokwenda. Sababu ilikuwa wazi kama jua: kavamia, kaua, kajitangazia ardhi yetu. Nia ilikuwa “kumpiga”. Lakini kumpiga mpaka wapi? Mpaka mtoni? Mpaka mpakani? Mpaka Ikulu yake? Neno lenyewe halisemi, na siku ile hakuna aliyeuliza, hata sisi watoto tuliokuwa tunaruka kwa shangwe.

Mada yenu imechanganya viwili hivyo. Inauliza “kwa nini tulipigana” kana kwamba vita ilikuwa moja kutoka Novemba hadi Juni.

Kufikia mwanzoni mwa Januari 1979 ardhi yetu ilikuwa imerudi. Kama shabaha ilikuwa mpaka peke yake, vita ingekoma pale. Hapa ndipo upande wako una nguvu, na usiogope kusema hivyo. Lakini sema pia yaliyokuwapo mezani. Amin hakulikana rasmi dai lake la ardhi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuja kusuluhisha lakini ukakataa kumlaani mvamizi. Nyerere alitaka alaaniwe, alipe fidia, na aache kudai ardhi. Hakupata hata moja. Na kulikuwa na jambo la mwaka 1972, ambalo vitabu vya shule hulipita mbio. Mwezi Septemba mwaka ule wakimbizi wa Uganda waliokuwa Tanzania walivuka kwa silaha kwenda kumpindua Amin. Walishindwa vibaya. Amin akajibu kwa ndege, akapiga Bukoba. Oktoba ukatiwa saini mkataba wa Mogadishu, kila upande urudishe majeshi yake kilomita 10 kutoka mpakani. Kwa hiyo 1978 wakuu wetu wa jeshi walikuwa wanamkabili mtu ambaye tayari walishaandikiana naye makubaliano. Kilima cha Mutukula, ambako mizinga yake iliweza kutufikia, hawakutaka kumwachia tena. Januari wakakichukua. Hilo ni jambo la kijeshi, na mimi sioni nia nyingine iliyofichwa ndani yake.

Masaka na Mbarara, mwishoni mwa Februari, ni habari nyingine. Huko hakuna mzinga unaofika Bukoba. Miji ile ilipigwa ili kulipiza yale ya Kagera na, nadhani, kwa matumaini kwamba Waganda wakiona jeshi la Amin linakimbia watainuka wenyewe wamalize. Hawakuinuka kwa kiasi kilichotarajiwa. Badala yake wakaja Walibya kumsaidia Amin. Machi, kwenye barabara ya Lukaya inayokatiza mafunjo na maji, askari wetu walirudishwa nyuma usiku mmoja kabla ya kujipanga upya na kushinda. Gaddafi, kiongozi wa Libya, akampa Nyerere saa 24 aondoe majeshi yake Uganda, na ndege yake ikaja kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Baada ya hapo kurudi nyuma kungekuwa kumwacha Amin akiwa na rafiki mwenye ndege na fedha, siku 2 za barabara kutoka kwetu. Ndiyo maana baba hakuuliza tena. Kila mtu alishajua mwisho ni wapi. Kampala ilichukuliwa tarehe 11 Aprili, na mwanzoni mwa Juni askari wetu wakawa mpaka wa Sudani.

Sasa Obote. Hoja yako kubwa ni hii: Nyerere alimpa hifadhi Dar es Salaam tangu Januari 1971, siku zile alipopinduliwa akiwa Singapore. Hakuutambua utawala wa Amin hata siku moja. Na Desemba 1980 Obote akatangazwa mshindi wa uchaguzi huku askari wetu wakiwa bado Uganda. Ukiunganisha alama hizo tatu unapata mstari ulionyooka, na ndiyo maana mada hii haifi.

Lakini mpinzani wako akiwa amesoma atakuuliza kuhusu Moshi. Machi 1979, kabla Kampala haijaanguka, makundi ya Waganda yalikutana Moshi kuunda serikali ya baadaye. Kama vita nzima ilipiganwa kwa ajili ya Obote, pale ndipo angewekwa mbele. Nyerere alimshawishi asiende kabisa. Aliyechaguliwa ni Yusuf Lule, mtu ambaye hakuwa wa Obote hata kidogo. Lule alidumu siku 68. Akaja Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980 na tume ya kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga, huku askari wetu wakitazama. Ndipo Obote akarudi.

Hukumu yangu, kama utaipenda: Nyerere hakuingia vitani ili kumrudisha Obote. Lakini Uganda ilipoyumba, na yeye akiwa ndiye mwenye askari pale, alimwachia njia rafiki yake. Hilo la pili ni kosa linalojitegemea, la 1980, na Waganda walililipia kwa damu miaka iliyofuata. Anayelirudisha nyuma hadi Novemba 1978 anawadhulumu akina babu yako. Na anayelifuta kabisa ili kulinda heshima ya Mwalimu anawadhulumu Waganda. Mimi namheshimu Mwalimu kuliko kiongozi yeyote niliyemwona kwa macho yangu, na bado nasema hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo linaniuma zaidi ya Obote, nalo hulisikii kwenye midahalo. Serikali haikurudi kwa wananchi kutuambia kwamba shabaha imebadilika. Novemba tuliambiwa tunamtoa nduli kwenye nchi yetu. Februari tulikuwa Masaka, na redio ilisema Waganda wanajikomboa wenyewe na sisi tunapigana vita yetu, kwamba vita ni mbili. Vikosi vya wakombozi wa Uganda vilikuwapo kweli, lakini vilikuwa vidogo, na mizigo mizito ilibebwa na JWTZ pamoja na wanamgambo. Kila dereva wa lori alijua. Kwa nini tusiambiwe? Nadhani kwa sababu ya mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliokataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nyingine, na ya azimio la Cairo la 1964 la kuheshimu mipaka ya wakoloni, ambalo Nyerere mwenyewe ndiye aliyelipeleka. Alikuwa amefunga mlango huo kwa mkono wake. Ila usisahau kwamba mwaka 1968 aliitambua Biafra, eneo lililokuwa linajitenga na Nigeria, kinyume cha karibu Afrika nzima, kwa hoja kwamba mpaka hauna thamani kuliko watu wanaochinjwa ndani yake. Alikuwa nazo imani zote mbili kwa dhati. Mwaka 1979 ziligongana, akachagua kumwondoa muuaji, na mkutano wa Monrovia Julai mwaka huo ukamsema, Nimeiri wa Sudani na Obasanjo wa Nigeria wakiwa mbele.

Mimi nafikiri tungekubali. Angetuambia Januari, “Ndugu wananchi, mpaka umerudi, lakini huyu mtu akibaki atarudi tena, na majirani zetu wanauawa, naomba tuendelee,” tungekubali, na tungejua tunachokilipia. Tuliambiwa gharama baadaye, tulipotakiwa kufunga mkanda kwa miezi 18. Wewe hukuziona foleni za sabuni. Mimi nilifua sare yangu ya shule kwa majani ya mpapai.

Kwa hiyo kwenye mdahalo, tetea upande wako, ni kazi uliyopewa. Lakini mtaje mwenye amri na tarehe yake kila unapotaja nia. Ukisema “serikali ilitaka”, useme ilitaka lini. Hoja itasimama.

SWALI: Mwalimu, wote tunabishana kuhusu nia ya Nyerere. Na ya Amin je? Alitaka ardhi kweli, au alikuwa anawasahaulisha watu wake njaa na uasi jeshini?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Yote mawili, ila la pili lilitangulia. Mwaka 1978 jeshi lake lilikuwa limegawanyika, askari waliasi, na waliokimbia walivukia kwetu. Kuwafukuza ndiko kulikowaleta wengine Kagera, na walipoona hakuna upinzani wa maana wakaendelea. Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka kutoka kilele cha 1977, na Marekani mwaka 1978 ilipiga marufuku biashara na Uganda. Mtawala asiyeweza kuwalipa wanajeshi huwaonyesha cha kupora.

Dai la ardhi alilikuta tayari. Mpaka ule uliwekwa na Waingereza na Wajerumani 1890 kwa kufuata mstari wa digrii 1 kusini mwa ikweta, mstari usioonekana ardhini, wakati mto unaonekana na kila mtu. Ni rahisi kumshawishi askari kwamba mto ndio mpaka. Na Amin alikuwa amezoea kudai: 1976 alidai sehemu za Kenya. Redio yake kwanza ilisema Tanzania ndiyo iliyovamia, kisha ikasema eneo limetwaliwa, kisha yeye akapendekeza amalizane na Nyerere ulingoni kwa ngumi. Mtu mwenye nia moja hasemi maneno matatu yasiyofanana ndani ya wiki chache. Ndiyo maana naamini aliingia kwanza, akatafuta sababu baadaye.

SWALI: Naandika kutoka Masaka. Kiswahili nilijifunza kwa askari wenu, nilipokuwa na miaka 9. Nyumba ya mjomba wangu ilibomolewa baada ya mji kutekwa, wakati askari wa Amin walishaondoka. Ninawashukuru Watanzania kwa kumwondoa Amin, nasema kwa moyo. Lakini katika safu zenu sijaona hata mara moja mkiitaja Masaka. Nia ya kubomoa mji ilikuwa ipi?
Msomaji, Masaka

JIBU: Ndugu yangu, pole, na samahani kwamba umesubiri miaka yote hii.

Sitakutafutia maneno. Masaka ilibomolewa kwa kisasi, na Mbarara pia. Wanamgambo wengi walitoka au walipita Kagera, waliona walichoona, na walipofika mji wa kwanza mkubwa wa Uganda waliulipiza kwa nyumba zisizokuwa na kosa. Januari Mutukula nayo ilisawazishwa kwa matingatinga, na raia waliuawa. Mwalimu Nyerere alipopata habari alitoa amri raia wasiguswe. Amri hiyo ilisaidia baadaye, Waganda wengi wamesimulia nidhamu ya askari wetu walipoingia Kampala. Nyumba ya mjomba wako haikuiwahi. Tunapowafundisha watoto kwamba vita ile ilikuwa ya haki, na mimi nafundisha hivyo, tunapaswa kuwaonyesha Masaka kwenye ramani na kuwaambia tulichofanya pale. Miaka 31 darasani sikufanya hivyo hata mara moja. Nilisema “Masaka ilikombolewa,” nikaenda mstari unaofuata.

Nimelitaja daftari la baba hapo juu. Niliposoma barua yako nililifungua tena kutafuta siku za Masaka. Kuna mstari mmoja wa mafuta, galoni 12, na maneno yale niliyoyanukuu, “halafu nyumbani”. Kurasa mbili zinazofuata hazipo. Hazikuchanwa, zimekatwa kwa wembe karibu kabisa na uzi, na mstari unaofuata tayari ni Lukaya. Nilimuuliza mwaka 1994, tukiwa tumeketi barazani. Aliomba maji ya kunywa, nikamletea, akaanza kuzungumzia migomba.